Anakimbia Mchana ama Usiku?

"Mama Lornah, huyo kijana anayemtaka binti yako, anakimbia mchana ama anakimbia usiku?"

Hilo ndilo swali jirani yangu Nabututu aliniuliza bombani, mtaani Manyatta hapa Kisumu, Jumamosi moja ya mwaka wa 1987. Mtungi wangu ulikuwa bado nusu. Aliuliza kwa sauti ya chini, lakini wanawake wote kwenye foleni walinyamaza, na hapo nikajua swali hilo lilikuwa limezunguka mtaa mzima kabla ya kunifikia mimi.

"Anakimbia mbio za uwanjani," nikamjibu. "Mita elfu kumi. Kila mtu anajua."

"Za uwanjani najua. Nauliza zile za alfajiri, giza bado."

"Nabututu, sema unachotaka kusema."

"Mimi sisemi. Watu ndio wanasema." Akaangalia ndoo yake. "Wanasema anapita akigonga milango. Wanasema hana nguo."

Kwetu upande huu wa ziwa, mtu anayekimbia gizani uchi, akirusha mchanga juu ya mabati na kusugua makalio kwenye milango ya watu, anaitwa jajuok. Watu huamini ni kitu cha damu, kinatoka kwa baba kwenda kwa mtoto. Ukishaitwa hivyo, hakuna mama atakayekupa binti yake, hata ukane mpaka koo likauke.

Nilifunga bomba. Mtungi haukuwa umejaa, lakini nilijitwisha hivyo hivyo nikaondoka.

Huyo kijana aliitwa Joram. Alikuwa mtu wa Bondo, akifanya kazi kwenye tanuri la mikate la Mzee Hasmukh, pale mjini. Yeye na binti yangu Lornah walikuwa wamependana miaka miwili. Mimi mwenyewe sikuwa nimemtazama uso hata mara moja. Mama mkwe na mkwe kwetu hawakodoleani macho. Akija, mimi naingia chumba cha ndani, pazia linashuka. Nilimjua kwa sauti, na kwa viatu vyake vya raba nilivyoviona chini ya pazia.

Nilimkuta Lornah anapiga pasi nguo za kanisa. Alikuwa anashona sare za shule kwenye duka la Mama Shobha, na hata nyumbani mikono yake haikujua kukaa.

"Umesikia wanayosema bombani?" nikamuuliza.

"Nimesikia, Mama. Baba Zadock aliniambia tangu wiki jana."

Zadock ni ndugu wa marehemu mume wangu. Mume wangu alipokufa, Zadock alikuja na koti lake akataka kulitundika nyumbani mwangu, awe mwenye nyumba. Nikamwambia nina Bwana aliye mbinguni, achukue koti lake aende. Akaenda. Lakini mambo ya mahari ya Lornah yalibaki mkononi mwake, kwa sababu ndiyo desturi, na mimi sikuwa na mwanamume mwingine wa kukaa kwenye kiti hicho.

"Na wewe unaamini?" nikamuuliza Lornah.

"Sijui, Mama."

"Miaka miwili, hujui?"

"Najua anapenda omena wakavu, si wa mchuzi. Najua akikasirika anakuna shingo. Hizo habari za kukimbia... mimi humuuliza tu kama ameshinda."

"Hujawahi kumuuliza kwa nini anakimbia giza?"

"Sikuona kama ni kitu cha kuuliza."

"Baba yako alikuwa mtu wa reli," nikamwambia. "Nilimuuliza mpaka nikajua filimbi gani ni ya abiria na gani ni ya mizigo. Mtu akipenda kitu kiasi cha kuamka usingizini kwa ajili yake, muulize. Lakini muulize kama mtu anayetaka kujua. Usimuulize kama askari."

"Baba Zadock amenipa maswali ya kumuuliza."

"Hayo ya Zadock muachie Zadock."

Aliweka pasi juu ya kola, akaisahau hapo mpaka nikasikia harufu.

Jioni hiyo Joram akaja. Hakuingia; alisimama nje karibu na dirisha la jikoni, na Lornah akatoka kwenda kusimama naye. Mimi nilikuwa ndani nachambua mchele. Sikutegesha sikio, lakini dirisha halina kioo.

"Leo nataka nikuulize mambo ya mbio zako," Lornah akasema.

Joram akacheka. "Wewe? Leo mvua itanyesha! Uliza, mama, uliza."

"Kwa nini ulichagua hiyo ya elfu kumi, si zile fupi?"

"Kwa sababu sina mbio! Eh, ni ukweli. Zile fupi wananiacha nikitafuta kiatu. Lakini hii ndefu, wenye mbio wanachoka, mimi nabaki."

"Duru gani ni mbaya zaidi?"

Sauti yake ilipotoka ilikuwa imebadilika, imekuwa laini, kama mtu amepewa kiti.

"Hakuna mtu amewahi kuniuliza hiyo. Ni za katikati. Kwanza watu wanapiga kelele, mwisho wanapiga kelele. Katikati wananunua njugu. Uko peke yako na mapafu yako."

Nilitabasamu huko jikoni. Nikamwambia Mungu asante.

Ndipo Lornah akasema, "Unaamka saa ngapi?"

"Saa kumi. Kumi na nusu niko barabara ya Dunga."

"Mbona usikimbie jioni, kama watu wa mpira?"

"Jioni nimeshinda kwa tanuri la Hasmukh. Na asubuhi, jua la Kisumu likishatoka, hapo unakimbia ama unachemka?"

"Unakimbia na nani?"

"Peke yangu. Kocha yuko Kakamega."

"Kwa hiyo hakuna mtu anaweza kusema alikuwa na wewe?"

"Aseme kwa nani?"

"Unavaa nini?"

"Lornah. Unaniuliza kama huwa navaa nguo?"

"Jibu tu, Joram."

"Navaa kaptula. Navaa fulana. Nini kingine?"

"Ukipita kwa nyumba za watu, huwa unagusa milango?"

Mchele ulikwama mkononi mwangu. Nje nikasikia kiatu cha Joram kikigeuka kwenye changarawe.

"Hayo maswali ni ya nani?" akauliza.

"Ni yangu."

"Hapana. Mawili ya kwanza ndiyo yako, na nilifurahi mpaka nikaona aibu. Haya mengine yanatoka kinywa kingine."

"Baba Zadock anasema kuna watu wamekuona."

"Na wewe unasema nini?"

Lornah hakusema kitu. Nilitaka kupiga kelele pale dirishani: sema, msichana, sema! Lakini hakusema.

"Nimengoja miaka miwili uniulize habari ya kukimbia," Joram akasema. "Kumbe siku utauliza, utaniuliza kama nasugua makalio kwa milango. Jumamosi ijayo nina mchujo Kakamega. Nikishika nafasi, naenda Nairobi kwa ile michezo ya Afrika. Nilikuja kukwambia twende wote. Basi, wacha."

Akaenda zake. Lornah akaingia, macho yamejaa.

"Nimekosea, Mama?"

"Mawili uliuliza wewe," nikamwambia. "Mengine Zadock alikuja akauliza kwa mdomo wako."

Wiki ile ikapita bila habari. Jumatatu iliyofuata nilimpelekea Lornah chakula dukani. Simu ya dukani ikalia, Mama Shobha akaishika, akasikiliza, akaweka mkono juu yake.

"Lornah! Simu iko. Opereta nasema Kakamega. Ile kijana yako."

"Mwambie siko," Lornah akasema.

"Mimi naweza sema uongo kwa duka yangu? Kuja, shika."

Lornah akatikisa kichwa. Zadock alikuwa amemkataza kuongea na Joram mpaka wazee wakae, na yeye alikuwa ameamua kumtii Zadock. Uoga wa jina baya umeshika wengi wakubwa kuliko yeye.

Mama Shobha akarudi kwenye simu. "Hallo? Anasema hayuko... Nasema, anasema hayuko!... Nini? Sema juu!" Akasikiliza, uso ukakunjamana. Kisha akaishusha simu polepole. "Laini nakatika. Alitaka kusema kitu, Lornah. Sauti yake si muzuri."

"Atasema Jumapili mbele ya wazee," Lornah akajibu, akainamia cherehani. Sindano ilikwenda mbio lakini mshono ulikuwa umepinda.

Jumapili, baada ya kanisa, Zadock akafika kwangu. Hakuja peke yake. Alikuja na mtu aitwaye Gordon, mwenye malori ya mchele kule Ahero. Gordon alikuwa na wake wawili, na mjukuu anayekaribia umri wa Lornah. Alikuwa mwembamba, nadhifu, amejipaka poda shingoni, na ni mzee wa kanisa lao huko. Alinisalimia kwa jina la Yesu. Nikaitikia, maana jina hilo haliitikiwi kwa ajili ya anayelitaja.

"Bwana Gordon ndiye shahidi," Zadock akatangaza. "Aseme kabla kijana hajafika, asije akamtisha."

Nilipika kuku kwa sababu ni wageni. Nikaingia chumba cha ndani na Nabututu, pazia likashuka. Kulikuwa na tundu kwenye pazia hilo, nami sikulishona. Lornah aliandaa chakula, kisha akaketi kwenye mkeka karibu na mlango.

Wakala. Zadock alikula kama mtu aliyelipwa kula. Gordon alimaliza, akatoa ufunguo wa lori mfukoni, akaanza kuchokoa sikio nao. Alichokoa, akatazama alichopata, akakipangusa kwenye kitambaa cha meza nilichokifuma mwenyewe. Nabututu akanifinya.

"Sema, Bwana Gordon," Zadock akamwambia.

"Mimi sipendi kusema watu," Gordon akaanza. "Lakini ukweli ni ukweli. Jana natoka Ahero na lori, alfajiri. Nafika hapa Manyatta, taa zinamulika mtu. Uchi. Uchi kabisa, kama siku ya kuzaliwa!"

"Ni nani?" Zadock akauliza, kana kwamba hakujua.

"Ni huyo Joram. Anasugua matako kwa mlango wa mjane fulani pale chini. Anaona taa, anaruka ua la miba kama swara. Mbio! Yule kweli anajua kukimbia."

Akacheka, na Zadock akacheka, na katika kucheka Gordon akamtazama Lornah kuanzia miguu kwenda juu, polepole, kama mtu anayepima gunia. Lornah akavuta leso akafunika magoti.

Nikaongea kutoka nyuma ya pazia. "Mzee Gordon, ni jana gani hiyo? Jumamosi?"

"Mama Lornah," Zadock akaingilia, "wanawake hawaulizi hapa."

"Mimi ndiye nilimzaa. Mzee Gordon, ilikuwa Jumamosi?"

"Jumamosi, Mama. Jana tu."

"Na ulimwona uso? Usije ukawa ulimfananisha."

"Uso, kifua, yote! Mimi niliona yote."

"Unaweza kuapa?"

"Hata sasa."

"Biblia ya marehemu iko hapo mezani."

Nilidhani ataogopa. Hakuogopa. Aliweka mkono juu ya Biblia ya mume wangu, na kidole alichotanguliza ni kile kile kilichokuwa kimeshika ufunguo. Akaapa kwa jina la Mungu aliye hai. Nimeosha maiti katika maisha yangu, nimeosha na wagonjwa wa kuharisha, lakini kinyaa kilichonipanda saa ile sijakiona tena.

"Umesikia, binti yangu?" Zadock akamgeukia Lornah. Sauti yake ilikuwa tamu kama ya mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa. "Mimi nakutakia mema. Kuna watu waungwana hapa hapa wanaweza kukuoa, watu wenye mali, watu wanaojulikana kanisani."

"Watu kama nani, Baba?" Lornah akauliza.

"Tutaongea."

"Hodi hapa," sauti ikasema mlangoni.

"Karibuni," Zadock akajibu, akaweka mgongo sawa, tayari kwa vita.

Ikaingia jozi ya viatu vya ngozi vya mtu mzima. Halafu nikaona, chini ya pazia, ncha ya gongo. Ncha ya gongo la pili. Kiatu kimoja cha raba. Na pale ambapo kiatu cha pili kingekuwa, kulikuwa na plasta nyeupe kutoka kwenye unyayo mpaka gotini, na vidole vikitokeza mbele, vimevimba, rangi ya zambarau.



"Mtusamehe kwa kuchelewa," akasema yule mtu mzima, Ouma, baba mdogo wa Joram. "Huyu hawezi kutembea haraka. Tumetoka hospitali ya Kakamega leo asubuhi, tumekuja moja kwa moja, kwa sababu mlituma neno kwamba asipofika leo msichana hana habari naye."

"Ni... ni nini hiyo?" Zadock akauliza.

"Si unaona, Mzee? Mshipa wa kisigino umekatika, kwenye mchujo, Jumamosi ya juma lililopita. Amelala huko kitandani siku zote hizi, mguu juu."

Nabututu alikuwa ameziba mdomo kwa leso, lakini haikutosha. "Na jana aliruka ua!" akapasuka. "Kama swara! Na plasta!"

"Ua gani?" Ouma akauliza.

"Muulize Mzee Gordon," nikasema. "Ameona uso, kifua, yote. Ila plasta ndiyo hakuiona."

Gordon akasimama, akaketi. "Ilikuwa giza..."

"Umeapa," Lornah akasema.

"Taa za lori siku hizi zina shida. Pengine ni mtu mwingine. Mimi niliambiwa tu..."

"Uliambiwa?" Ouma akamrukia. "Uliona ama uliambiwa?"

"Gordon, nyamaza," Zadock akasema kwa meno.

"Ninyamaze?" Gordon akamgeukia. Poda ilikuwa inachuruzika na jasho shingoni. "Wewe ndiye ulikuja kwangu! Ulisema neno hilo moja litatosha, msichana ataogopa, mama yake atanyamaza! Ulisema nije tu niape, ni kitu kidogo! Sasa mimi ndiye naonekana mbwa?"

"Nimesema nyamaza!"

"Ninyamaze na mtamba wangu yuko zizini kwako tangu Februari? Ulipokea mahari ya huyu msichana, Zadock! Ulimpokea kwa mikono miwili!"

Basi yakatoka yote. Tangu Februari binti yangu alikuwa ameshauzwa, na mtamba wa Gordon alikuwa anakula nyasi kwenye boma la Zadock. Kilichokuwa kimebaki ni kumwondoa Joram. Na kumwondoa mtu anayeamka alfajiri kukimbia, kwetu, hakuhitaji kisu. Kunahitaji mtu mmoja tu wa kuuliza anakimbia mchana ama usiku.

Unafikiri Zadock aliona aibu? Alichukua kijiti, akachokoa nyama kwenye meno, akasema:

"Haya. Makosa yametokea, yamepita, sisi ni watu wazima. Tuangalie mbele. Huyu kijana namwonea huruma. Lakini mkimbiaji bila mguu ni nini? Atakimbia tena? Hata kwa tanuri hawezi kusimama. Na Bwana Gordon bado ana malori."

Hapo niliinuka. Nikavuta pazia. Nabututu akanishika gauni, "Mama Lornah, mkwe yuko hapo!" lakini nilikuwa nimeshatoka. Kwa mara ya kwanza nikamwona Joram uso kwa uso. Alikuwa na uso wa kitoto kuliko sauti yake. Akainamisha macho kwa heshima, nami nikamwita "mwanangu," nikamgeukia Zadock.

"Umekula kuku wangu na kumuuza mtoto wa ndugu yako juu ya Biblia yake," nikamwambia. "Hata mwizi hujificha, Zadock. Wewe umekaa hapo unachokoa meno."

"Chunga mdomo, mjane wewe. Bila mimi huyu msichana hana wa kumtoa."

"Atatolewa kanisani. Nitasimama naye mimi."

"Mwanamke amtoe binti? Watu watacheka!"

"Wacheke. Mzee Gordon, mtamba wako mfuate kwa Zadock. Na Biblia hiyo usiiguse tena. Nitaipangusa mwenyewe."

Wakaanza kupiga kelele wote wawili, mmoja akimtaka mwenzake amrudishe mtamba, mwenzake akisema ameshapata gharama ya kumchunga. Ouma akawa anauliza ni nchi gani hii. Katikati ya kelele hizo niliona Lornah ameondoka kwenye mkeka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya Joram, ambaye alikuwa ameegemea ukuta kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumpa kiti.

"Ilikuwa duru ya ngapi?" akamuuliza.

Joram alimtazama kama anayeangalia ardhi kabla ya kukanyaga.

"Ya kumi na tisa."

"Ulikuwa wa ngapi?"

"Wa pili. Yule wa kwanza nilikuwa nasikia anavyovuta pumzi. Alikuwa amekwisha, Lornah. Nilikuwa nangoja tu."

"Halafu?"

"Nikasikia mtu amenipiga teke nyuma ya mguu. Paa! Nikageuka nimtukane. Hakukuwa na mtu."

"Ukaanguka?"

"Nilijaribu kuendelea na mguu mmoja. Kocha akaingia uwanjani akanikumbatia kwa nguvu, akaniambia basi. Nikampiga ngumi."

"Kocha?"

"Kocha. Nilimwomba msamaha hospitalini."

Lornah akaweka kiganja juu ya vile vidole vilivyovimba, polepole, kama mtu anayejaribu joto la chungu.

"Inauma wapi?"

"Hapo hapaumi. Juu."

"Ulinipigia simu."

"Nilipiga. Hospitali nzima ilinichangia sarafu... hapana, nadanganya, ni nesi tu." Alijaribu kucheka. "Mama Shobha akaniambia, anasema hayuko."

Lornah akacheka na kulia pamoja, akajipangusa kwa leso.

"Nilikuuliza uchafu, Joram. Ulipokuwa unaumia, mimi nilikuwa nakaa nawaza milango ya watu. Nisamehe."

"Uliuliza," Joram akasema. "Iliniuma kuliko hii."

"Bado unanitaka?"

"Nimetoka Kakamega na magongo. Kama sikutaki, si ningelala?"

"Utakimbia tena?"

"Daktari hajui."

"Sikuulizi daktari."

Akakuna shingo. "Sijui, Lornah. Nataka, lakini sijui. Kama sitaweza, utakuwa umeolewa na mtu wa mikate tu."

"Hiyo ya katikati," Lornah akasema. "Ile wakati watu wananunua njugu. Unafanya nini ndiyo usiache?"

"Naangalia mgongo wa aliye mbele. Nasema, mpaka kwa kona. Nikifika kwa kona, nasema tena."

"Basi twende mpaka kwa kona."

Akasimama. Akalichukua gongo la mkono wa kushoto akampa Ouma, akaupitisha mkono wa Joram juu ya bega lake. Wakaanza kwenda, hatua na kituo, hatua na kituo. Ouma akatangulia kufungua mlango. Nami nikarudi nyuma kuwapa njia, nikiwaombea moyoni, macho chini kama inavyotakiwa.

Zadock akaona. Akauacha ule ugomvi wa mtamba, akapiga meza mpaka vikombe vikaruka.

"Lornah! Ukipita mlango huo na huyo kilema, mimi si baba yako! Hakuna ng'ombe aliyeongewa! Hakuna neno lililokubaliwa! Unasikia? Nakuuliza wewe, unasikia?"

Gordon alikuwa amenyoosha miguu yake njiani, kiatu kimoja juu ya kingine. Lornah alisimama mbele ya miguu hiyo, uzito wa Joram begani, akaitazama. Akangoja. Gordon akaivuta, mmoja, halafu wa pili. Lornah akapita, akainama ili kichwa cha Joram kisigonge mwimo, akatoka bila neno lingine.